Mmea unaosemwa unashusha presha: namna ya kuupima, kuanzia kihambani hadi kwa mgonjwa

Panda daladala ya kwenda Kibosho asubuhi yoyote, taja presha, na hutashuka kabla hujapewa dawa tatu. Mmoja atakutajia rozela, mwingine majani ya mlonge, wa tatu gome la mti ambao jina lake analijua kwa Kichagga tu. Wote wanasema kwa nia njema, na huenda mmoja wao anasema kweli. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kujua ni yupi: mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti, mganga wa tiba asili mwenye mti aliorithi kwa babu yake, mwuguzi anayeulizwa kila siku na hana jibu. Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi na nimepima watu presha kliniki, sebuleni na chini ya migomba. Kinachoniuma ni kuona mmea mzuri unadharauliwa na mmea wa bure unasifiwa, kwa sababu tu hakuna aliyeandika namba kabla ya kubandika chungu.

Jambo moja litangulie. Hakuna hatua hata moja humu inayomtaka mgonjwa aache vidonge vyake. Presha haipigi hodi. Mtu anajisikia mzima mpaka siku kiharusi kinapomwangusha au figo zinapogoma. Mmea unaopimwa unaongezwa juu ya matibabu yaliyopo, au unapimwa kwa mtu ambaye daktari ameridhika kwamba anaweza kusubiri wiki chache bila vidonge. Atakayekutaka ufanye vinginevyo, mkatalie.

Kwanza, liandike dai lenyewe

"Inashusha presha" halijawa dai la kupimwa. Nenda kwa aliyekuambia, kaa naye, uliza taratibu. Niliwahi kupanda Uru kwa bibi mmoja anayesifika kwa majani yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Bibi, ulijuaje kwamba presha imeshuka?"

"Moyo uliacha kupiga mbio. Nikalala."

Hakuwahi kupimwa, si kabla wala baada. Kwetu watu husema "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka" kwa kufuata wanavyojisikia: kichwa kikigonga, imepanda; wakiishiwa nguvu, imeshuka. Maneno ya yule bibi hayakuwa bure, kwa sababu jani linalotuliza moyo na kuleta usingizi linastahili kuchunguzwa. Ila swali lake ni lingine, na ukilichanganya na la presha utapoteza miaka miwili.

Kwa hiyo andika: nani alitumia, alikuwa na namba gani na alipimwa na nani, alitumia sehemu gani ya mmea, kiasi gani, mara ngapi, siku ngapi, na kipindi hichohicho alikuwa anameza nini kingine. Swali hili la mwisho liulize mara mbili, kwa sababu wengi wanakunywa majani huku wanameza vidonge, na sifa zote zinakwenda kwa majani.

Mwaka 2011 nilimsindikiza shangazi yangu Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kupata kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa haionekani mwisho. Kwenye gari letu kila mtu alikuwa na ugonjwa wake na imani yake, na hakuna aliyebeba cheti chenye namba ya presha. Tuliporudi, kila mmoja alisimulia alivyojisikia. Mpaka leo siwezi kukuambia kama kikombe kile kilimfanya shangazi chochote, na nilikuwa nimeketi kando yake.

Pili, hakikisha ni mmea gani

Jina la kienyeji lisikutoshe. Mti mmoja unaitwa hivi Machame na vile Rombo, na jina moja linaweza kubeba miti miwili isiyo na undugu wowote. Chukua tawi lenye maua au matunda, lilaze katikati ya magazeti, likandamize kwa ubao na mawe, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Andika mahali, mwinuko, tarehe, jina alilokupa mwenyeji na lugha yake. Kisha lipeleke Ngaramtoni, Arusha, kwenye herbaria ya taifa, hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, iliyopo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, wataalamu wakupe jina la kisayansi na namba ya sampuli. Bila namba hiyo hakuna atakayeweza kurudia kazi yako, hata wewe mwenyewe baada ya miaka mitano.

Msitu wa juu wa Kilimanjaro ni hifadhi ya taifa. Usichume humo bila kibali. Na ukichuma kwenye kihamba cha mtu, yaani shamba la nyumbani la Kichagga, andikianeni kabla: maarifa ni ya nani, na ikitokea faida itagawanywaje. Wazee wengi wa huku wamewahi kuhojiwa na mtu aliyeondoka na majani na asirudi tena. Wakikutazama kwa wasiwasi, wana haki.

Kwa nini nasisitiza jina hivi? Chukua msesewe, ambao gome lake hutiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga. Huo ni Rauvolfia caffra. Ndugu yake wa India, Rauvolfia serpentina, mizizi yake imetumika kwa karne nyingi. Mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa presha kwa mizizi hiyo, na mwaka 1952 wanakemia wa Ciba kule Uswisi wakaitenga reserpini, mojawapo ya dawa za mwanzo kabisa za presha. Dozi yake ni robo ya miligramu kwa siku au chini ya hapo. Ukizidisha, pua zinaziba, mtu anazama kwenye huzuni nzito, presha inaporomoka. Jenasi ni moja, lakini spishi tofauti zina kemikali tofauti kwa viwango tofauti. Kwa hiyo usisome habari za reserpini kisha ukaenda kuchemsha gome la msesewe. Na ukiandika "Rauvolfia" peke yake kwenye daftari, hujaandika kitu.

Tatu, kausha, pima, chemsha kama wanavyochemsha wenyewe

Kausha kivulini penye upepo. Jua kali linaharibu rangi na baadhi ya kemikali, na unyevu unaleta ukungu. Msimu wa masika Moshi majani hayakauki vizuri. Kama huna tanuri la joto dogo lisilozidi nyuzi 40, subiri kiangazi. Saga, chekecha, hifadhi kwenye chombo kikavu kisichopitisha mwanga.

Sasa mwombe mganga atengeneze dawa mbele yako, na mizani ya jikoni iwe mezani. Hapa ndipo nimejifunza mengi kuliko sehemu nyingine yoyote. Niliwahi kuwaomba watu watatu wa nyumba moja wachote "konzi moja" ya unga uleule. Mama alichota gramu 9, kijana wake 14, mzee mwenye mikono ya jembe gramu 22. Wote walikuwa na uhakika kwamba wanatumia dozi moja. Pima konzi, pima maji kabla na baada ya kuchemsha, andika dakika. Andika na mahali: Moshi mjini maji huchemka kwenye nyuzi kama 97, Arusha kama 95 kwa sababu ya mwinuko, na vijiji vya juu ni chini zaidi. Si tofauti ya kutisha, lakini anayerudia kazi yako Dar es Salaam inampasa aijue.

Wanafunzi wengi wanakimbilia kuloweka kwenye ethanoli kwa sababu inatoa kemikali nyingi. Sawa, fanya, lakini tengeneza pia dondoo la maji, kwa kuwa hilo ndilo watu wanalokunywa. Chuja, kausha, kisha tafuta pato. Tuseme gramu 100 za unga zimekupa gramu 12 za dondoo kavu: pato ni asilimia 12. Maana yake konzi ya mzee ilikuwa na gramu 2.6 hivi, ya mama gramu 1.1. Hesabu hii ndogo utaihitaji muda si mrefu.

Nne, maabara

Arusha, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko pale Tengeru. Moshi kuna chuo cha tiba cha KCMC, hospitali kubwa ya rufaa. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili. Nenda ukiwa na maswali, usiende na gunia tu.

Jaribio linalopendwa ni la kimeng'enya cha ACE. Kimeng'enya hiki mwilini hutengeneza kemikali inayobana mishipa, na vidonge kama captopril na lisinopril vinafanya kazi kwa kukizuia. Dondoo likikizuia kwenye kijaribio, watu wanashangilia. Tulia. Tanini, zile zinazokausha mdomo kama chai iliyokolea, hung'ang'ania protini yoyote, na zinaweza kuonekana zinazuia kimeng'enya hata kama tumboni hazitafika popote. Ziondoe kwanza, urudie.

Baada ya hapo kuna kipande cha mshipa mkuu wa panya, kinaning'inizwa kwenye maji ya chumvi na kubanwa kwa dawa, ili kuona kama dondoo linakilegeza. Kisha panya hai wenye presha, waliozaliwa nayo au waliopewa kemikali ya kuipandisha, wanaopimwa kwa mkanda mdogo wa mkiani. Majaribio ya wanyama nayo yanahitaji kibali cha maadili.

Ukipata matokeo kwa panya, geuza dozi kabla hujafurahi. Kanuni ya kawaida ni kugawa dozi ya panya mkubwa wa maabara kwa 6.2. Kama panya walishuka kwa miligramu 200 kwa kilo, binadamu ni kama miligramu 32 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 atahitaji gramu 1.9 za dondoo, sawa na gramu 16 za unga wetu. Hiyo ni konzi ya katikati, inanyweka. Lakini kama panya walihitaji miligramu 2,000 kwa kilo, mtu huyo atalazimika kuchemsha gramu 160 za unga kila siku. Nimeziona ripoti za namna hiyo zikisifiwa. Hakuna mgonjwa atakayekunywa ndoo.

Usalama usiuache mwisho. Pima sumu ya muda mfupi na ya muda mrefu, angalia ini na figo, pima metali nzito, bakteria na ukungu. Kama unga umeununua sokoni tayari umesagwa, uchunguze usije ukawa umechanganywa na vidonge vya hospitali. Dawa ya asili inayoshusha presha ndani ya saa moja unishawishi kwanza kwamba haina kidonge ndani. Na usidhani kila cha shambani kinashusha: mizizi ya likorisi, ile tamu ya kwenye chai na pipi, hupandisha presha na kupunguza potasiamu.

Tano, vibali

Hapa sirefushi. Kumpa mtu dawa ili umpime ni utafiti, hata kama ni jirani yako na amekubali. Unahitaji kamati ya maadili ya taasisi, kwa Moshi ile ya KCMC, na kibali cha kitaifa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Majaribio ya dawa kwa binadamu yanapita pia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mganga awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002. Makaratasi yanachosha, na miezi inapita. Anza kuyaandaa wakati majani yako bado yanakauka.

Sita, jifunze kupima presha, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kinaharibika

Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye timu iliyopima mmea mmoja kijijini. Siku ya kwanza watu walipanda mlima kuja zahanati, wakafika wanahema, tukawapima mlangoni kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Baada ya wiki nne walikuja wametulia, wanatufahamu, wanaketi kwenye benchi wanapiga soga kabla ya zamu yao. Presha ilishuka karibu kwa kila mtu! Tulishangilia wiki nzima. Kisha mmoja wetu akauliza walikuwa wameketi muda gani mara ya kwanza, na chumba kikanyamaza. Tulikuwa tumepima kilima. Kazi yote ikatupwa, na wale watu walikuwa wamekunywa maji machungu mwezi mzima. Bado najisikia vibaya.

Fanya hivi. Mtu asinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Aende msalani kwanza. Aketi dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kupishana, mkono mezani usawa wa moyo, nguo imetoka mkononi. Asiongee, nawe usimwongeleshe. Mkanda ulingane na mkono: mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba kwa uongo, na mama zetu wengi wana mikono iliyoshiba, kwa hiyo nunua mkanda mkubwa pia. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, uandike zote mbili. Usiandike ile uliyoipenda.

Kipimo cha siku moja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Mpe mashine iliyothibitishwa aende nayo nyumbani, apime asubuhi na jioni kwa siku 7, uache namba za siku ya kwanza, utafute wastani wa zilizobaki. Kliniki, mpaka wa kuiita presha ya juu ni 140/90. Nyumbani ni 135/85.

Na kuna jambo ambalo waganga wengi, na madaktari pia, hawalioni. Presha hupanda na kushuka siku kwa siku. Ukiwachagua watu siku walipokuwa juu, wengi watakuwa chini safari ijayo, hata ukiwapa maji ya bomba. Ndiyo maana "alikuja na 165, sasa ana 148" haijathibitisha lolote juu ya majani.

Saba, watu wawe makundi mawili

Dawa ya jambo hilo ni kulinganisha. Kundi moja linapewa dondoo, jingine linapewa kinywaji tupu, plasebo, chenye rangi na ladha ileile. Mgawanyo uwe wa bahati nasibu, karatasi ndani ya bahasha zisizopenya mwanga, zimeandaliwa na mtu ambaye hatapima wala kugawa. Anayepima asijue nani yuko wapi. Kwa dawa chungu hii ni kazi kwelikweli. Kukausha dondoo na kulitia kwenye kapsuli kunasaidia.

Rozela ni mfano mzuri wa kujifunzia, maana inapatikana kwenye masoko ya Mbuyuni, Moshi, na Kilombero, Arusha, kwa bei ya kawaida. Mwaka 2010 Diane McKay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walitoa matokeo ya watu 65 wenye presha ya juu kidogo. Watu 35 walikunywa chai ya rozela vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja mililita 240, kwa wiki 6. 30 walikunywa kinywaji cha kufanana. Namba ya juu ilishuka kwa 7.2 kwa waliokunywa rozela, na kwa 1.3 kwa wengine. Faida ya rozela hapo ni ile tofauti, kama 6. Mtu wa 165 hafiki salama kwa hiyo peke yake, lakini ni faida ya kweli, iliyopimwa.

Idadi ya watu usiibuni. Kama presha ya watu wako inatofautiana kwa mkengeuko sanifu wa 12, yaani kipimo cha namna namba za watu zinavyotawanyika kuzunguka wastani wao, na unataka kuona tofauti ya 10, watu 23 kila kundi wanatosha. Ukitaka kuona tofauti ya 5, unahitaji kama 91 kila kundi. Ongeza kidogo kwa ajili ya watakaoacha. Anza na wenye presha ya kati ya 140 na 159, wasiwe wajawazito wala wenye ugonjwa wa figo. Yeyote anayefika 180/110 anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, awe kwenye utafiti au asiwe. Pima potasiamu na figo mwanzoni, katikati na mwisho.

Kisha angalia kalenda na chungu. Usipange kipimo cha mwisho katikati ya Desemba na Januari: Wachagga wamerudi nyumbani, nyama na mbege kila boma, presha za watu wote zimepanda na utailaumu dawa. Mwezi wa Ramadhani nao unabadilisha saa za kula na kumeza dawa. Uliza habari za magadi kwenye kiburu, chakula cha ndizi na maharage, maana magadi ni sodiamu kama ilivyo chumvi, na nyumba nyingine zinayatia kwa mkono uliofunguka. Uliza ndizi na parachichi pia, vina potasiamu nyingi. Huwezi kuwazuia watu kula chakula chao, lakini ukiyaandika haya utajua kama makundi yako yalikuwa sawa.

Mwisho, hesabu na kurudi kijijini

Linganisha kundi na kundi. Wahesabu wote ulioanza nao, hata walioacha, na andika kwa nini waliacha. Mara nyingi wanaoacha ndio walioumwa tumbo. Madhara yaandikwe hata yale yanayoonekana madogo. Kama mmea haukufanya kitu, chapisha vilevile, ili kijana wa Arusha asije akatumia miaka yake mitatu kwenye mti uleule.

Matokeo yakitoka, yaandike kwa Kiswahili ukurasa mmoja, umpelekee aliyekuonyesha mmea kabla hujayatangaza popote. Keti naye, umsomee. Mwambie kiasi gani cha unga kilitumika, nani asitumie, na kwamba wateja wake waendelee kwenda kliniki na kumeza vidonge. Mwachie mizani ndogo ya jikoni na umwonyeshe alama ya kiasi kilichopimwa, kama zile gramu 16 za mfano wetu.